Namba ya Gari la Mama

Siku hizi ukipeleka gari kwa mjomba wangu, utarudishiwa likiwa na kovu. Atalinyoosha vizuri, atachomelea palipochanika, milango itafunga bila kelele, lakini mstari wa kuchomelea atauacha hivyo hivyo umevimba, kila mwenye macho auone. Wateja wananung'unika. Wanamwambia, fundi, si upige msasa kidogo, upake puti, gari lifanane na gari. Yeye anatikisa kichwa na kuwaambia gari ni zima, waende salama. Wengine hawarudi tena.

Waliomjua zamani hawaamini macho yao. Huyu ndiye yule yule aliyeitwa Fundi Bado, na jina hilo hakulipata bure. Ulikuwa ukienda kuulizia gari lako anakujibu bado. Ukirudi kesho, bado. Alikuwa anapitisha migongo ya vidole juu ya bati huku amefumba macho, kama mzazi anayempima mtoto homa, na vidole vikigundua kitu ambacho wewe hukioni, basi umekwama. Kuna mwalimu mmoja alileta gari lake akiwa bado mchumba wa mtu, akaja kulichukua akiwa na mtoto mgongoni. Alikuja na maneno yake tayari mdomoni. Akazunguka gari akitafuta mahali palipogongwa, akazunguka tena, hakupaona, na yale maneno yote yakamwishia. Mjomba alitembea na furaha hiyo muda mrefu. Kwake yeye, mteja akiona fundi alipopita, fundi hajamaliza kazi.

Mimi nashona nguo, kwa hiyo ugonjwa huo naujua. Upindo ukionekana kwa nje, sipati usingizi. Lakini nguo haina namba, na hakuna ofisi itakayoniita kuniuliza gauni hili lilikuwa shuka la nani.

Mjomba ni mdogo wake mama, wa mwisho kuzaliwa kwao. Alikuja kukaa kwetu akiwa kijana, begi moja na viatu vilivyochoka, akawa anajifunza kazi kwa mzee mmoja mnyoosha magari aliyekuwa mkali kuliko pilipili. Alilala sebuleni kwetu kwenye mkeka, na asubuhi tulimruka tukienda shule. Baadaye alipofungua yadi yake mwenyewe nyuma ya wauza matairi, hakuna mtu aliyekwenda. Alikaa pale na nyundo zake mpya akitazama magari ya wenzake yakipita. Aliyemtoa pale ni baba yangu.

Baba alikuwa mlinzi wa geti kwenye maghala ya saruji. Kazi yake ilikuwa moja. Lori likifika, anatoka, anatazama kibao cha namba, anasoma kwa sauti kubwa kuelekea kwenye kibanda cha karani. Karani anaandika, anajibu "sawa", na baba anainua kizuizi lori lipite. Likifuata jingine, hivyo hivyo. Alifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa mpaka alipostaafu, na sauti yake ilikaa na ule mwito hata nyumbani. Akiomba chumvi mezani, sisi watoto tulijibu "sawa" kwa pamoja, na yeye alicheka nasi ingawa mzaha wenyewe ulishachakaa. Basi pale getini, lori likija na bawa lililobonyea au mlango uliokunjamana, baba alimwambia dereva akitoka apite nyuma ya wauza matairi, amuulize shemeji yake. Yadi ya mjomba ilianza kula kwa namna hiyo. Mjomba hakusahau. Hata alipokuwa na wateja wa kugombaniwa, baba akitaka kitu, mjomba aliacha nyundo chini.

Kisha baba akaanza kupotewa na vitu. Kwanza miwani, kama watu wote. Halafu njia ya kurudi nyumbani. Halafu sisi wenyewe. Mimi aliniita karani kwa muda, kisha akaacha kuniita chochote. Miguu nayo ikaanza kukaza, na hospitalini wakatuambia lazima aende kufanyishwa mazoezi kila wiki, la sivyo ataishia kitandani, na wa kitandani hunyanyuliwa, na mama peke yake hatamweza.

Ugumu ulikuwa kumtoa nje ya nyumba. Baba hakutaka kutoka. Aliogopa, hakujua anachoogopa, na mtu mzima akiogopa hivyo ana nguvu za ajabu. Kitu kimoja tu kilichomtuliza ni gari la mama. Mama alikuwa mkunga, na gari hilo dogo la buluu alilinunua enzi anaitwa majumbani usiku na mchana. Alikuwa na mazoea ya kuliingiza uani kinyumenyume mpaka karibu na mlango wa jikoni, ili akiitwa atoke moja kwa moja bila kuhangaika na gia. Kwa hiyo tukimtoa baba jikoni, kitu cha kwanza mbele yake kilikuwa nyuma ya gari. Alisimama. Alitazama kibao. Akasoma kwa ile sauti yake ya zamani, "Nne, saba, saba, moja." Mama alijibu "sawa", na baba akaenda mwenyewe kwenye mlango, akainama, akaingia, mpole kabisa. Mtu aliyesahau jina la mwanawe wa kuzaa alikuwa anajua namba ya gari. Tulizoea kusema kwamba namba ile ndiyo kamba ya mwisho iliyomfunga kwetu. Tulisema hivyo sana, mpaka tukaamini.

Gari hilo lilikufa mama akiwa ndani ya duka la dawa. Lori la mchanga lilikatika breki mteremkoni likaja kulibana ukutani. Hakuna aliyeumia. Injini ilikuwa nzima, gia boksi nzima, usukani na viti vizima, lakini paa lilikuwa limekunjika na sakafu imepinda, na mjomba alilipima kwa kamba yake. Akamwambia dada yake kwamba bodi haina maisha tena. Itabidi atafute bodi nyingine ya gari la aina ile ile, ahamishie kila kitu humo.

Wakati huo jirani alijitolea gari lake tumpeleke baba hospitali. Alilisimamisha barabarani ubavu kwa ubavu na geti letu, akafungua mlango, tukamshika baba mikono huku na huku tukamharakisha aingie kabla hajaanza. Alianza. Alijitupa chini palepale, akapiga magoti kwenye kokoto, suruali ikaloa damu, na alimpiga jirani kofi ambalo jirani kwa uungwana wake hajawahi kulitaja. Mama aliapa kwamba hatamwingiza tena mume wake kwenye gari la mtu kama mbuzi. Baba atangoja gari lake.

Mjomba alipata bodi nyeupe kwa muuza magari mabovu. Ilikuwa safi, haina kutu, ilitoka kwenye gari lililokufa injini, na kadi yake ya usajili ilikuwepo, jina la mwenyewe lipo, kila kitu halali. Mama, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, alikwenda kwanza ofisi ya usajili wa magari kuuliza. Mimi nilimsindikiza. Dada wa dirishani alikuwa na subira, akatueleza taratibu kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Injini unaweza kubadili, milango unaweza kubadili, viti hata vyote. Lakini namba ya gari iligongwa kwenye bodi pale lilipotengenezwa, kibao hufuata namba hiyo, na bodi ndiyo gari lenyewe. Kwa hiyo gari litakalotoka yadini litakuwa lile jeupe kisheria, kwa namba yake, hata likipakwa buluu. Namba ya zamani tutairudisha na kibao chake, ifutwe. Akasisitiza mambo mawili: bodi ya zamani isitupwe mpaka mkaguzi awe ameziona zote mbili, na namba iliyogongwa isiguswe kabisa, hata kwa brashi.

Mama alimfikishia mjomba maneno hayo neno kwa neno, amesimama katikati ya yadi na mkoba wake kwapani. Mjomba alikuwa chini ya gari la mtu. Alijibu amesikia. Mama akamwambia atoke chini ya gari amsikie vizuri. Akatoka, akasikia vizuri, akaitikia.

Na angefuata, naamini. Kilichoharibu ni siku ile tuliyompeleka baba yadini kwa miguu.

Yadi haiko mbali na nyumbani, na mama alitaka baba anyooshe miguu angalau. Tulimkokota kwa njia za nyuma, ambako magari hayapiti, tukafika amechoka na amekasirika, anasukuma mikono yetu, anasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mafundi wengine waliacha kugonga wakatazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha baba akaliona gari la buluu, lililobonyea vile vile, limeegemezwa kwenye matofali, nyuma yake ikitutazama sisi. Akanyamaza. Akasimama wima. Akasoma, "Nne, saba, saba, moja." Mama akajibu "sawa". Na baba akalizunguka lile gari lililokufa, akavuta mlango ambao haukufunguka vizuri, akajipenyeza ndani, akakaa kwenye kiti chini ya paa lililokunjika, mikono juu ya magoti, akingoja safari.

Alikaa humo muda mrefu, ametulia. Mjomba alisimama kando na nyundo mkononi, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kujificha. Hakusema kitu. Laiti angesema. Angesema tu anachowaza, mama angemkemea palepale na mambo yangekwisha.

Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na utaratibu wake wa enzi hizo, na mjomba aliubeba kama alivyobeba nyundo. Ukibadili bodi, unakata kipande cha bati chenye namba kutoka bodi ya zamani, kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na abiria, unakipachika kwenye bodi mpya mahali pale pale. Kile cha bodi mpya unakikata unakitupa, kwa sababu gari moja haliwezi kuwa na namba mbili. Zamani hizo hakuna aliyeuliza. Gari lilikuwa la fulani, limepata bati jipya, linabaki la fulani. Mjomba hakuona wizi humo, na sidhani kama neno hilo lilimpitia kichwani. Aliona shemeji yake anatoka jikoni, anatazama kibao kigeni, na anajitupa kwenye kokoto.

Kwa hiyo alikata. Kipande chenye namba yetu kikaingia kwenye bodi nyeupe, na alikichomelea kwa moto mdogo mdogo, akisubiri bati lipoe kabla ya kuendelea, asije akaipinda hata tarakimu moja. Akasaga, akapapasa, akasema bado. Akasaga tena. Alipaka rangi ya kuzuia kutu, kisha buluu, kwa mbele na kwa nyuma, hata mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Kipande cha bodi nyeupe alikitupa kwenye pipa la chuma chakavu. Wanunuzi wa chakavu walipopita, kama kawaida yake ya kusafisha yadi kila wanapopita, aliwapa pipa zima, na bodi yetu ya zamani juu yake, kabla mkaguzi yeyote hajaiona.

Gari lilitoka likimeremeta. Mama alilizunguka akilisifia, na mjomba, ambaye sijawahi kumsikia akitamka neno hilo, alisema, "Tayari." Mama aliuliza mbona kibao cha zamani bado kipo. Mjomba akamjibu kwamba hilo la vibao watalimaliza huko huko kwenye ukaguzi. Mama alikuwa amechoka, na baba alikuwa hajatoka nje kwa muda, kwa hiyo mama akaacha kuuliza.

Tulikwenda ukaguzini watatu, mama akiendesha, mjomba pembeni yake, mimi nyuma. Palikuwa na banda refu lenye shimo sakafuni na harufu ya oili, na mkaguzi alikuwa mtu mnyamavu mwenye kalamu sikioni. Mama akampa kadi zote mbili, akamweleza kila kitu kwa moyo mweupe: hii ndiyo bodi yake mpya, hii ndiyo kadi ya bodi. Mkaguzi akafungua boneti akasoma namba iliyogongwa. Akatazama kadi ya bodi nyeupe. Akatazama kadi yetu ya zamani. Akamwangalia mama, na nikaona jinsi uso wa mama ulivyobadilika, maana ndipo alipoelewa.

Mkaguzi alikuwa na kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi, anakigusisha kwenye bati kinamwambia. Alikigusisha hapa na pale ukutani, kisha karibu na namba, kisha akafuata ukingo wa kile kipande pande zote nne, polepole, mpaka akarudi alipoanzia. Akapitisha kidole. Kidole hakikuona kitu. Akatwambia angechungulia mchana kutwa asingeuona ule mchomeleo kama si kifaa. Aliuliza ni nani aliyefanya kazi hii.

"Mimi," mjomba alisema. Na Mungu anisamehe, kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake.

Mkaguzi alifunga boneti bila kuipiga. "Mzee, nimeona magari ya wizi mengi humu ndani," alisema. "Sijaona hata mwizi mmoja anayejua kuficha mchomeleo namna hii. Ungeuacha unaonekana, ningejua ni fundi amekosea. Sasa mimi nikuamini vipi?"

Mjomba akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia kwa mzee wake wa zamani, akarukia kwa baba na geti na saruji, na mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, siwezi kumlaumu kwa hilo. Kisha akasema jambo moja la kutupa matumaini. Kama kile kipande kilichokatwa kwenye bodi nyeupe kipo, kiletwe. Kikikaa vizuri kwenye mkato na namba yake ikalingana na kadi, anaweza kuandika kwamba bodi ni ile iliyonunuliwa, na gari likasajiliwa kwa namba hiyo. Bila kile kipande, gari hili si la buluu wala si jeupe. Halina jina. Na gari lisilo na jina haliruhusiwi kuingia barabarani tena, linasagwa lote, na kila kilichomo ndani yake.

Gari likazuiliwa pale bandani, tukarudi nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa mbele, mjomba nyuma yake, mimi katikati kama mtoto wa watu waliogombana. Karibu na wauza matairi mama aligeuka.

"Nilikuambia, mdogo wangu," alisema. "Nilikuambia, na ukaniitikia."



Mjomba alikwenda kwa wanunuzi wa chakavu siku hiyo hiyo. Pale kuna vilima vya chuma, mabati yamekunjwa kama nguo chafu, na alivichambua kwa mikono yake, siku baada ya siku, akirudi na viganja vimechanika na kucha nyeusi. Nilimpelekea maji ya kunywa mara kadhaa. Nilikuwa na hasira naye, nilikwenda nimekusanya maneno yangu yote, lakini nikimkuta amechuchumaa akigeuza kila kipande cha bati cheupe, akikifuta kwa kiganja kuona kama kina tarakimu, nilimpa maji nikaondoka. Mwenye chakavu alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba mzigo wa siku ile ulishabanwa na kupelekwa kuyeyushwa. Mjomba aliendelea tu. Nadhani alikuwa hana pa kwenda kwingine.

Hawakumfunga. Stakabadhi ya kununulia bodi ilimwokoa, akapewa onyo na adhabu ndogo. Gari lilisagwa. Aliomba kiti cha mbele cha kushoto tu, kile anachokaa shemeji yake, na wakamwambia amri ni ya gari zima.

Basi baba alibaki ndani. Mjomba alikuja kila asubuhi kabla ya kufungua yadi, akamzungusha uani, mkono kiunoni, hatua kwa hatua, akimwambia shemeji twende, shemeji kidogo tena. Baba alikuwa anasimama mlangoni pa jikoni akitazama mahali lilipokuwa linakaa gari. Palikuwa na doa la oili tu. Alilitazama, midomo ikacheza, haikutoka kitu, na mjomba akageuza uso. Miguu iliendelea kukaza. Muuguzi alikuja nyumbani akamkunja goti, baba akalia, na muuguzi akatwambia bila kuzunguka kwamba akikosa tena mazoezi ya wiki hiyo tusitarajie atasimama. Mama akalegeza kiapo chake. Akaniambia niite taksi.

Tulijiandaa kama watu wanaokwenda kubeba kabati. Mjomba alikuja na taulo la kumfunika baba mikono asijiumize. Nje ya geti walikuwa wamechimba mtaro wa mabomba, kwa hiyo dereva hakuweza kusimama barabarani. Alituomba tufungue geti, akaingia uani kinyumenyume, polepole, mama akimwongoza kwa mkono, mpaka buti la taksi likasimama karibu na mlango wa jikoni, juu ya lile doa la oili.

Tukamtoa baba. Mjomba mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Nilihisi jinsi mjomba alivyokaza mwili akisubiri vurugu ianze.

Baba akasimama. Akatazama kibao cha taksi. Akanyoosha mgongo, na kwa sauti ile ile, ya getini, iliyojaa ua mzima, akasoma.

"Sita, sifuri, tano, nane."

Kisha akangoja.

Hakuna aliyejibu. Mama alikuwa ameshika sweta la baba kifuani, amesahau kwamba amelishika. Dereva alikuwa anatutazama kwenye kioo bila kuelewa kitu. Maisha yetu yote tulikuwa tumemsikia mtu huyu akisoma namba, lori baada ya lori, hata moja haikuwa yake, na sote watatu tuliishi naye tukadhani anaijua moja tu. Baba akakunja uso kidogo. Akarudia kwa sauti ya juu zaidi, kama alivyokuwa akirudia karani akisinzia.

"Sita, sifuri, tano, nane."

"Sawa," mjomba akasema.

Baba akatuachia mikono yetu, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni, akainama, akaingia, akaweka mikono juu ya magoti. Mama akaingia upande wa pili bila kutuangalia. Taksi ikatoka.

Mimi na mjomba tulibaki uani. Alikuwa bado ameshika taulo. Alilikunja vizuri, pembe kwa pembe, akalilaza mgongoni mwa vidole kama anayelipima, halafu akalikunjua akalikunja upya.

"Ile bodi nyeupe ilikuwa na namba yake nzuri tu," alisema. "Niliishika kwa mkono huu."

 Nilikwenda kufunga geti.